Pimbi na Mlinzi wa Macho Mekundu

Hapo kale sana, wanangu, kabla watu hawajajua kujenga nyumba wala kutia komeo mlangoni, walilala mapangoni, wamebanana juu ya nyasi kavu, moto ukiwaka penye mlango. Katika pango la mwanamke mmoja, Mkiwa, na jamaa zake, Mama Pimbi naye alikuwa na chumba chake: ufa mwembamba ukutani, alimolala na wanawe.

Usiku mmoja Pimbi alizinduka. Moto ulikuwa umefifia, yamebaki makaa tu. Watu, hoi kwa kuwinda mchana kutwa, walikoroma. Na huko nje, kwacha, kwacha, majani yalikuwa yakikanyagwa.

Chui.

"Mkiwa, amka," Pimbi alinong'ona, akimvuta nywele. Mkiwa akajigeuza upande wa pili, akaendelea kulala.

Pimbi aliogopa. Chui akishamaliza watu, atageukia ule ufa. Akajikaza, akaenda hadi kwenye makaa, Chui akiwa ameshafika mlangoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nipishe. Moto umeshakufa."

"Umekufa kweli. Lakini mlinzi wao yupo. Huyaoni macho yake mekundu hapa chini?"

Chui akasita. Aliyaona, yanamwangalia kutoka majivuni.

"Mbona hasemi?"

"Hana maneno mengi."

"Basi asimame nimwone."

"Ni mzee, mjomba. Huinuka polepole."

Huku akisema hivyo, Pimbi alikuwa akisukuma nyasi za malazi kwa miguu ya nyuma, akizitupia juu ya makaa. Zikatoa moshi tu. Akageuka, akapuliza, fyu, fyu, machozi yakimtoka. Chui akasogea. Pimbi akapuliza tena. Sasa pumzi ya Chui ilimgusa usoni.

"Hakuna mlinzi hapa," Chui alisema.

Fuu! Nyasi zikashika, moto ukapanda hadi darini. Chui akaruka kinyumenyume, akatokomea gizani, masharubu yakinuka kuungua.

Watu wakakurupuka. Mkiwa aliona alama za nyayo za Chui kwenye majivu, karibu kabisa na alipolala mtoto wake. Akampakata, hakulala tena. Tangu hapo watu wakawa wanalala kwa zamu, mmoja akibaki macho kuchochea moto.

Pimbi alirudi ufani, akajibanza katikati ya wanawe.

Fundisho ni hili, wanangu: ukiogopa, ogopa huku akili yako ikifanya kazi.