Matumbwitumbwi ya Panya Buku

Paukwa!
Pakawa!
Pasipoti mnazo?
Tunazo!
Bima ya afya je?
Mbona mmenyamaza? Haya, sikilizeni, maana roho yangu haitulii mtu anaposafiri.

Alikuwako Panya Buku. Dada yake, aliyeolewa Austria, alikaribia kujifungua na hakuwa na wa kumshika mkono. Ukoo ukamchangia Buku nauli. Akaificha mashavuni, huku na huku, kama panya buku wabebavyo chakula. Akafuatana na Mjomba Ngiri, mwenye nguvu na tamaa.

Walipopanda treni Ufaransa, Ngiri akala, akala, pesa zake zikaisha. Akaanza kumtazama mwenzake. Treni chaka-chaka, moyo wa Buku ndu-ndu-ndu.

"Mpwa wangu, mbona mashavu yamekuvimba?"

"Matumbwitumbwi, mjomba."

"Hebu nishike nione."

"Yatakuhamia. Kwa mwanamume mzima hushuka chini. Na wewe tayari ni Ngiri, mjomba, maradhi mengine ya nini?"

Ngiri akarudi nyuma, lakini hakukata tamaa. Mpakani mwa Uswisi alipanda Daktari Korongo kukagua wasafiri. Ngiri akapaza sauti, "Daktari, huyu anaumwa, mfungue mdomo!" Alijua noti zikidondoka, atazidaka yeye.

Buku akapiga hesabu upesi. Mdomo ukifunguka, nauli imekwenda, na dada atajifungua peke yake. Akatoa kadi yake ya bima, akamnyooshea Ngiri kidole. "Ni kweli, daktari. Mjomba ndiye aliyeniambukiza. Mtazame uso."

Korongo akamtazama Ngiri. Manundu huku, manundu huku.

"Huyu amezidiwa. Bima unayo, mzee?"

"Bima ya nini? Mimi mzima."

"Wote husema hivyo. Shuka, twende karantini. Huna bima, utalipa kwa kufagia wodi. Wewe mdogo una kadi, utatibiwa huko uendako."

Ngiri akashushwa, kokoro-kokoro, kwato zikikwaruza sakafu. Buku hakupumua hadi treni ilipoondoka.

Alipofika, dada alikuwa ameshikwa na uchungu. Buku akamshika mkono mpaka mtoto akalia, nyee.

"Na mjomba yuko wapi?" dada akauliza.

Buku akatema noti kwanza, ndipo akajibu, "Anaumwa."

Funzo, wanangu: daktari haongopewi, mjomba haachwi njiani, na pesa haitiwi mdomoni, ni uchafu.

Hadithi yangu imefika kituoni. Ikiwa tamu, shukeni nayo. Ikiwa chungu, iacheni kwenye treni.