Herufi Moja Kwenye Lango la Maji

Wa mbali haoni uso, huona neno. Ndivyo tunavyosema huku kwetu bondeni, na leo nimemwambia hivyo mjukuu wangu Tumpe baada ya kumkuta amenuna, simu mkononi. Alimwandikia mchumba wake neno moja tu, "Sawa," naye kijana wa watu akaelewa kwamba amekasirikiwa. Leo siku ya pili hawasemezani. Tumpe ananiapia kwamba aliandika huku anatabasamu. Nikamwambia, mama, tabasamu lako lilibaki hapa hapa jikoni, halikupanda kwenye simu.

Basi yeye na wenzake wakaacha kuchambua mchele, wakataka kujua msemo huo umetoka wapi. Wameusikia sokoni na kwenye vikao, wakadhani ni wa mababu. Si wa mababu hata kidogo. Ulizaliwa mbele ya macho yangu, siku ambayo mimi mwenyewe nilisimama kwenye tope hadi magotini, na chanzo chake ni hiki.

Skimu yetu ya umwagiliaji ya Lwimbo hupata maji kwenye banio, pale ukuta unapouzuia mto na lango la chuma linapoyaachia maji kuingia mferejini. Banio liko ng'ambo ya genge, mwamba uliosimama wima. Mfereji hupita ndani ya handaki lililochimbwa kwenye mwamba, hutokeza upande wetu, kisha hupita chini ya barabara kwenye kalavati la kwanza. Kwa macho, toka kalavati hadi banio ni karibu tu, kama nusu kilomita. Kwa miguu ni saa mbili nzima, maana daraja lilichukuliwa na mto na lazima uzunguke mlima. Zamani alikaa mlinzi kule, akilizungusha lango kwa mikono. Alipozeeka, hakupatikana kijana hata mmoja aliyekubali kwenda kuishi na nyani.

Ndipo akaja Ikupa, binti wa hapa hapa aliyesomea mitambo mjini. Akafunga mota kwenye lango, akaweka sola juu ya kibanda, na ndani ya kibanda akaacha kompyuta ndogo, ukubwa wake kama msahafu wa kanisani. Mtandao wa kule ni wa kubahatisha. Ukipiga simu inakatika kabla hujamaliza kusalimia. Lakini barua pepe, alisema Ikupa, ina uvumilivu: inasubiri, ikipata upenyo inapita. Kwa hiyo akaifundisha ile kompyuta kufungua sanduku lake la barua kila baada ya dakika kumi. Ikikuta barua iliyotoka kwenye anwani ya Katibu wa skimu, inasoma kichwa chake peke yake. Kichwa kikiwa ni neno inalolijua, inalitekeleza, kisha inajibu. Na ilijua maneno matatu tu: FUNGUA, FUNGA, na ROBO, yaani acha robo ya lango wazi.

Katibu wetu wakati huo alikuwa Mwalimu Ambakisye, mstaafu. Jamani, mtu yule alijua kuandika barua. Ukitaka kuomba kazi, ukitaka kumlalamikia mkubwa bila kufungwa, unakwenda kwa Mwalimu. Basi siku ya kuijaribu mashine, sisi wote tumejipanga barabarani kuangalia, Mwalimu akavaa miwani akaandika: YAH: OMBI LA KUFUNGUA LANGO LA BANIO. Chini yake akaweka, "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu," akaeleza hali ya miche yetu ya mpunga aya mbili nzima, akamalizia na "Wako katika ujenzi wa taifa." Akatusomea kwa sauti. Tukampigia makofi.

Baada ya dakika kumi jibu likaja: AMRI HAIELEWEKI.

Tulicheka mpaka mbavu zikauma, naye akaudhika kweli kweli. Ikupa akamwambia kwa upole kwamba ile haimjui, haioni muhuri wala haisikii heshima, ampe neno lake tu. Mwalimu akaandika FUNGUA, shingo upande, akatuma. Tukakaa. Watu wengine walikwishaanza kuondoka, ndipo mlima ukaguna. Maji yakatoka kwenye mdomo wa handaki, meupe kwa povu, yakapita chini ya miguu yetu kwenda mashambani. Hakuna aliyecheka tena. Kule hakukuwa na mtu. Hakuna mkono ulioshika chuma kile. Neno lilikuwa limetoka kwenye kidole cha mzee yule, likavuka genge, likanyanyua lango ambalo mlinzi alikuwa akilinyanyua kwa jasho. Nilisisimkwa mwili mzima, sioni haya kusema. Bibi mmoja wa Kanisa la Moravian alivua viatu vyake barabarani, kama Musa mahali patakatifu.

Ukapita mwaka. Mnajua mtu anavyozoea hata maajabu. Kila alfajiri Mwalimu aliamka, akaiandikia mashine FUNGUA kabla hajapiga mswaki, na sisi tukaona maji kuja yenyewe ni jambo la kawaida.

Ilipofika siku ya kuzibua mfereji, watu walitoka na makoleo na sururu. Mwalimu aliamuru ROBO, ili mifugo ya watu wa chini isikose maji ya kunywa, nasi tufanye kazi kwenye maji machache. Mimi, Sekela, nilikuwa msimamizi wa zamu za maji, kwa hiyo nilikuwa karibu naye muda wote. Aliyeingia ndani ya kalavati kutoa magogo alikuwa Lusajo, mwanawe Mwalimu. Mwalimu alijaliwa watoto watatu, wawili aliwazika wakiwa wadogo. Lusajo ndiye aliyebaki.

Mnamo saa nne asubuhi tukasikia kishindo, kisha Lusajo akapiga kelele. Jiwe la ukuta wa kalavati lilikuwa limeporomoka na kumbana kifundo cha mguu. Wanaume wanne wakaingia na mtaimbo. Tukamkuta ameketi, maji yamemfika kiunoni, na lile tope lilivyovurugika hakuna aliyeweza kuona jiwe limekaaje. Ukiingiza mtaimbo ovyo, unauvunja mguu wenyewe. Wakasema, Mwalimu, kata hii robo ya maji, mfereji ukauke, tuone tunachokishika.

Lilikuwa ombi la akili. Mwalimu akapanda barabarani penye mtandao, akatoa simu, akaandika, akatuma, akaitia simu mfukoni. Akatuambia, "Nimefunga." Akarudi mferejini kumshika mwanawe mabega, akawa anamsimulia habari za ng'ombe wao aliyezaa, ili asifikirie mguu.

Tukasubiri maji yapungue. Mimi nilisimama kwenye mdomo wa kalavati nikiwa na ndoo, nikimwaga tope nje. Mara mlima ukaguna. Nilijua sauti ile, kila mtu aliijua, lakini akili ilikataa. Maji yakatoka handakini kwa wingi kuliko ya robo, yakanigonga magoti nikakaa chini. Nilipoinuka yalikuwa yamemfika Lusajo kifuani.

Watu wakaanza kutupa magunia ya mchanga mferejini, kabla ya kalavati, kuyazuia maji. Maji yakayabeba kama maganda. Kupita handakini kwenda banioni haiwezekani, limejaa. Kuzunguka mlima ni saa mbili. Tulipojaribu kumpigia Ikupa mjini, simu ikakatika. Nikamvuta Mwalimu hadi barabarani nikamwambia atoe simu tuone alichoandika.

Jibu lilikuwa limekwisha kuja. AMRI: FUNGUA. IMETEKELEZWA.

Wanangu, hiyo ndiyo lugha yetu. Kati ya kufunga na kufungua kuna herufi moja. Mwalimu aliandika mwanzo wa neno, na simu kwa kiherehere chake ikammalizia kama ilivyozoea kila alfajiri. Yeye alituma bila kuangalia, maana moyoni alijua anachokitaka. Mashine ilifanya kama ilivyoambiwa, haikukosea chochote.

Hapo Mwalimu alichanganyikiwa. Sijapata kumwona mtu akilia vile, midomo wazi kama mtoto. Akaanza kuandika, na mimi nilidhani anaandika neno moja. Akatuma. Nilipotazama, nikaona kwenye kichwa cha barua: TAFADHALI SANA FUNGA HARAKA MWANANGU ANAKUFA.

Nikamwambia atume nyingine hapo hapo, lakini machozi yalikuwa yamelowanisha kioo na kidole chake kikawa kinateleza tu, simu haisikii. Nami nilikuwa tope tupu, nguo yote tope. Wakati tunahangaika, jibu likaingia.

AMRI HAIELEWEKI.

Sasa fikirieni hilo. Ombi zuri kuliko yote aliyoandika maishani mwake, lenye machozi ya kweli, lilitugharimu dakika kumi. Kutoka chini nikasikia wanasema maji yamefika mabegani.

Nikakimbilia kwa mama mmoja aliyekuwa amesimama pakavu, nikachukua khanga yake bila kuomba, nikafuta simu, nikafuta na vidole vya Mwalimu kimoja kimoja. Alikuwa bado anasema na ile simu, anaisihi. Nikamshika uso.

"Mwalimu, nisikilize mimi. Haikuoni."

"Ni mwanangu yule, Sekela."

"Haimwoni na yeye. Andika herufi tano, uishie hapo."

Akaandika herufi moja, akasubiri, akaandika nyingine. Simu ikataka tena kummalizia, nikaona kabisa lile neno baya limejitokeza pale chini likimngoja. Akaliacha. FUNGA. Tukalisoma mara mbili, yeye kwa sauti, mimi kwa sauti, ndipo akatuma.

Kisha hapakuwa na la kufanya. Mashine ilikuwa imefungua sanduku lake muda si mrefu, na sasa ilikuwa imelifunga mpaka zifike dakika zake. Haiharakishwi. Mwalimu aliniachia simu, akashuka mferejini, akaingia kalavatini, akachuchumaa maji yakimfika mwenyewe kifuani, akamshika mwanawe kidevu akakiinua. Akina mama wakaanza wimbo wa kanisani bila kuambiana. Mimi nilikuwa natazama kioo, na nilichokuwa nikiwaza ni kwamba neno letu liko njiani, halina miguu, halina anayelisindikiza, na uhai wa Lusajo umo ndani yake wote. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kanisani.

Nikasikia Mwalimu anasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba maji yako kwenye mdomo.

Simu ikatetemeka. AMRI: FUNGA. IMETEKELEZWA.

Maneno yale yale mnaona, na utulivu ule ule uliotuletea mafuriko. Nikapiga kelele kwamba imefunga. Maji yaliyokuwa handakini yaliendelea kuja kwa muda, na Lusajo alikuwa akipumulia pua, kichwa amekilaza nyuma kwenye mkono wa baba yake. Halafu mlima ukanyamaza. Maji yakasimama palepale. Yakashuka kidole kimoja, kisha kiganja, kisha tukaona shingo yake, kifua chake, na mwisho lile jiwe lenyewe likaonekana lilivyokaa. Mtaimbo ukaingia panapotakiwa. Wakamtoa na mguu umevunjika, lakini yu hai, anatetemeka na kuomba chai.

Tulimlaza kando ya barabara tukamfunika. Mwalimu aliketi karibu naye, akaniomba simu yake. Nikamwona anaandika polepole, herufi moja moja. Tukiwa bado tunasubiri gari la kumpeleka Lusajo hospitali, simu ikatetemeka mkononi mwake. Akasoma, akanipa nami nisome.

Aliiandikia ASANTE.

Nayo ilikuwa imemjibu: AMRI HAIELEWEKI.

Nilidhani atalia tena, lakini alicheka, cheko la mtu aliyechoka. Lusajo akauliza baba anacheka nini. Mwalimu akamwambia, "Wa mbali haoni uso, mwanangu. Huona neno."

Akaitia simu mfukoni. Kisha akainuka, na tope lake lote mwilini, akawaendea wale wanaume wanne wa mtaimbo, na waliotupa magunia, na mama mwenye khanga. Alimshika kila mmoja mkono kwa mikono yake miwili, akamtazama usoni, akamwambia ndaga fijo, asante sana ya Kinyakyusa. Aliponifikia mimi alishindwa hata kusema hilo. Alinishika tu mikono akanitazama, na mimi nilielewa yote, kwa sababu nilikuwa karibu.

Kwa hiyo Tumpe, kama huyo kijana ungekuwa naye hapa jikoni, "Sawa" yako ingetosha, angeiona ilivyo. Lakini yuko Mbeya, mama. Wa mbali haoni uso, huona neno.