Kapu, Rafu na Foleni

"Majina ya kuridhisha watatu humpoteza wa nne." Mnaisema sana siku hizi, hata kwenye vikao vya harusi! Haya, mmeniuliza ilitoka wapi. Ilianzia kwetu, wanangu, kwenye redio yetu huku milimani.

Kompyuta ya matangazo ilikuwa na kisanduku kimoja pembeni mwa skrini, hakina maandishi. Tangazo ukiliweka humo, linakwenda hewani. Basi! Lakini Shemdoe alikiita kapu, Kilua akakiita foleni, Nakijwa akasema hapana, hiyo ni rafu. Mafundi wetu hao, siku ya kuandika mwongozo, waligombana mpaka chai ikapoa. Mkuu wetu, Bwana Mhina, mtu wa kupenda amani kupita kiasi, akaamua: "Tuyaandike yote, kila mmoja apate lake." Wakapeana mikono. Sisi wenyeji hatukuona shida, kisanduku tulikijua.

Siku moja Mwajabu, mtangazaji mgeni, akawa zamu peke yake. Akaja Mzee Kaniki, macho mekundu. Mkewe amefariki, na maziko ya alasiri yamewahishwa hadi saa sita mchana, mvua isije ikafunga njia.

"Binti yangu Zaina yuko shamba la chai, anajua ni alasiri, na simu hazishiki kule. Redio wanasikiliza. Mwambie awahi."

Mwajabu akafungua mwongozo. "Weka tangazo kwenye kapu." Akakiona kisanduku, akaliweka. "Hakikisha limo kwenye rafu." Rafu? Akatafuta juu, akatafuta chini. "Lisipokuwa kwenye foleni halitasikika." Masikini, kichwa kikamzunguka! Akadhani amekosea, akalitoa alipoliweka, akalipeleka huku, akalipeleka kule. Saa sita ikapita.

Zaina alifika alasiri, akakuta kaburi limeshafukiwa. Akaja moja kwa moja redioni, matope miguuni.

"Niliwakosea nini?"

Mwajabu analia. "Dada, nilitafuta rafu, sikuiona."

"Rafu ndiyo kapu," Bwana Mhina akasema polepole. "Ndiyo foleni pia. Mafundi walikuwa watatu, sikutaka kumuudhi hata mmoja."

Zaina akamtazama. "Watatu umewaridhisha, bwana. Mimi wa nne sikumzika mama yangu."

Siku ileile Nakijwa mwenyewe akafuta rafu na foleni kwenye mwongozo, likabaki kapu, ingawa neno hilo halipendi hadi leo. Watu wakayachukua maneno ya Zaina, wakayasema sokoni na misibani, mpaka yakawa hivi mnavyoyasikia: majina ya kuridhisha watatu humpoteza wa nne.