Zimwi Lililonenepa kwa Matusi

Haya, mpo? Itikeni kwa nguvu! Zimwi liliuzingira mji wa Kitamanga, na watu wakabishana barazani namna ya kulikabili. Kila mtu alipomwita mwenzake msaliti, lilirefuka. "Msaliti!" Likafika paani. "Msaliti!" Likafika mawinguni. Jemadari Siwema alivuta pumzi amtukane mpinzani wake, Mzee Fumbwe, mara akaona kucha zikifumua paa. Akalimeza tusi.

"Jamani, babu huyu si msaliti. Anataka watoto watoroshwe kwanza, ndipo tupigane. Nimeyasema maoni yako sawa, babu?"

"Sawasawa, mjukuu wangu! Nawe unataka tupigane kwanza si kwa kupenda damu, bali kulinda lango letu."

"Hewala!"

Zimwi likanywea, likanywea, likanywea, hata likalingana na kumbikumbi. Kuku wa Fumbwe akalidonoa, akalimeza! Mji ukacheza ngoma siku saba, na kuku akapandishwa cheo.

Nimemaliza. Anayetaka kunibishia, kwanza aseme nilichosema!