Chungu cha Kwanza cha Tusekile

Sogeeni wenye masikio, na wabishi msibaki nyuma, maana leo kazi ni yenu.

Paliondokea mfinyanzi, Tusekile. Homa ilimshika, na ilipoondoka iliondoka na macho yake. Watu walijaa uani kumpa pole, wakapungua, wakabaki wachache. Waliobaki waliulizana mbele yake, "Ameshakula?" kana kwamba na masikio yamekufa. Wafinyanzi wenzake wakienda kuchimba udongo walinyamaza wakifika mlangoni pake. Kimya hicho kilimuuma kuliko giza.

Watatu hawakumwacha. Jirani yake, Bibi Syabumi, alikuwa na maneno. Mume wa Tusekile, Ambakisye, alikuwa na subira. Na Subilaga, mshindani wake sokoni, alikuwa na ulimi usiojua kupamba.

Bibi Syabumi alikuja kila asubuhi na umbea wake wote.

"Tusekile, umekula?"

"Sijala, bibi."

"Basi inuka tule."

Akainuka.

Ambakisye alikwenda kuchimba udongo, kazi ya wanawake huko kwao, na wanaume wakamcheka. Akauponda, akamwekea mkewe mapajani.

"Mke wangu, mimi sijui kitu. Niambie wewe kama umelainika."

"Bado una mchanga," akasema Tusekile, na vidole vyake vikaanza kazi.

Alipofinyanga, kila mpita njia alisifu. Subilaga akakipapasa chungu.

"Kimepinda, dada. Hiki hata kuku hanywei."

Akakifinya kikarudi kuwa udongo. Tusekile akalia, akaanza upya. Subilaga akakifinya tena, na tena, hadi siku aliyosema, "Hiki kichomwe."

Sasa, mila ya wafinyanzi wale ni hii: chungu cha kwanza cha mwanafunzi hakiuzwi, hupewa aliyemfundisha. Na Tusekile, mtu mzima, alikuwa mwanafunzi upya.

Bila bibi asingeinuka. Bila mume asingeshika udongo. Bila Subilaga angefinyanga vyungu vya kuhurumiwa. Na msiniambie mume alitimiza wajibu tu. Wapo waliokimbia kwa machache kuliko hayo.

Tusekile amekumbatia chungu, bado kina joto. Zamani angetazama nyuso ajue nani atanuna. Sasa anaogopa. Akimpa mmoja, wawili wakaondoka na kinyongo, atarudia upweke ule.

"Mpo?" akauliza.

"Tupo," wakajibu wote watatu kwa pamoja.

Akanyoosha mikono yenye chungu, asijue aelekee wapi.

Je, wewe ungemwelekeza kwa nani?