Mitungi Saba ya Bi Ghaniya

Inasimuliwa kwamba aliyemfunza Bi Ghaniya kuwa wabadhirifu ni ndugu wa mashetani alikuwa mama yake mzazi, Bi Nusaiba, Mola awarehemu wote wawili. Mafunzo yale yalimkaa moyoni. Katika mji wao mkavu kuni zilikuwa adimu, basi yeye akawa anawasha tanuri mara moja tu kwa juma. Na kwa kuwa moto umekwisha kuwaka, alioka mikate mingi kuliko haja yake, joto lisipotee bure. Iliyobaki aliishindilia mitungini, akaziba kwa udongo.

Ikaja njaa. Jirani yake, Bi Rubaya, mjane mwenye binti mmoja, akabisha hodi.

"Dada yangu, mtoto hajala tangu juzi. Nipe hata kipande."

"Nilichonacho ni akiba ya siku ngumu, dada."

"Kwani siku ngumu ina pembe, ndipo uitambue?"

Bi Ghaniya aliinamisha kichwa, akamwombea subira. Hakumpa kitu.

Siku ya tatu binti akafariki. Bi Ghaniya akavunja mtungi ili apeleke mikate msibani. Ndani kulikuwa na ukungu wa kijani. Akavunja wa pili, akakuta funza. Mpaka wa saba, hakuona tonge la kumezeka.

Akaenda mikono mitupu.

"Mpisheni mkekani," akasema mwanamke mmoja kwa heshima. "Huyu hajatupa hata punje maishani mwake."

Angenyamaza, nani angejua habari ya mitungi? Sifa ile ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo katika mji ule.

"Nimetupa," akasema. "Mitungi saba, yote imeoza. Rubaya alikuja kuniomba, nikamnyima hali ninayo."

Bi Rubaya hakuinua uso.

"Umesema kweli," akajibu. "Kweli yako hainirudishii mwanangu. Toka."

Akatoka.

Enyi ndugu katika imani, riziki aliyonyimwa mwenye njaa imekwisha kutupwa, hata kama haijafika jalalani. Na toba haina ahadi kwamba tuliyemdhulumu atatusamehe.

Asubuhi yake Bi Ghaniya alikung'uta unga wake wa mwisho, akawasha moto mdogo wa vijiti, akaoka mikate mitatu. Aliipeleka ingali moto kwa Bi Rubaya. Mlango haukufunguliwa. Akaenda nyumba iliyofuata, akabisha hodi.