Mifuko Minne ya Chokaa

"Ukiigawa mara tatu, bora ukawamwagie kuku," Tupokigwe alisema. "Udongo hautajua kama umetiwa kitu."

"Mtaalamu amesema," kaka yake Ambakisye akajibu. "Basi niipeleke kwako kwa lipi? Kwa kuwa ulipanda gari ukaenda kuuliza?"

"Nilikwenda kwa miguu, kaka."

Walikuwa jikoni kwa mama yao, asubuhi, na katikati yao mifuko minne ya chokaa ya shambani. Dada yao mkubwa, Subilaga, alikaa kwenye kigoda.

Ndugu hawa watatu walirithi kila mmoja nusu eka kwenye mteremko mmoja. Baba yao aliulisha mteremko ule mbolea ya chumvichumvi kwa miaka ishirini, na kila mavuno yalipopungua, aliongeza. Nao wakaongeza vilevile, hadi maharage yakawa yanaota manjano na kufa manjano. Sasa maghala yote matatu yalikuwa matupu. Mtoto wa Tupokigwe alikuwa amevimba miguu, nywele zimegeuka kahawia, na muuguzi alisema dawa yake ni maharage. Watoto wa wenzake walikuwa wanaelekea hukohuko.

Tupokigwe alikuwa mtu wa kuuliza, Ambakisye mtu wa kutoa, Subilaga mtu wa kutunza.

Msimu uliopita Tupokigwe aling'oa maharage yake, mstari baada ya mstari, akitafuta vinundu kwenye mizizi. Hakukuta hata kimoja. Akafunga udongo kwenye kitambaa, akatembea siku mbili hadi kwa bwana shamba. Akaambiwa ile chumvichumvi imeufanya udongo kuwa mchachu. Ndani ya vinundu huishi vidudu visivyoonekana kwa macho, navyo ndivyo vinavyoulisha mharage. Katika uchachu ule vilikuwa vimekufa. Alirudi na jibu, lakini shambani hakuwa na cha kuvuna.

Ambakisye aliposikia kwamba chokaa hupunguza uchachu, aling'oa mabati ya nyumba yake, akayabeba hadi kwenye tanuri la chokaa, akabadilishiwa kwa mifuko hii minne. Tangu hapo mkewe, mwenye mimba ya miezi minane, analala chini ya turubai. Walijaribu kopo moja la chokaa kwenye kipembe cha shamba. Uchachu ulipungua, maharage yakabaki manjano. Chokaa haifufui kilichokufa.

Ndipo Subilaga akakumbuka bustani ya nyuma ya jiko lake, ambako amekuwa akimwaga majivu, ambayo nayo hupunguza uchachu, tangu alipoolewa. Maharage ya pale yalikuwa na vinundu tele. Bustani ile ndiyo iliyokuwa inamlisha yeye na wajukuu, lakini aliichimba yote. Alikoroga sehemu ndogo ya udongo ule kuwa tope, akapaka mbegu. Zilizopandwa penye uchachu zilidhoofika kama za zamani. Zilizopandwa penye chokaa zikatoka kijani kibichi. Tupokigwe alipasua kinundu kimoja kwa ukucha, akaona ndani ni chekundu kama nyama. Alikaa chini palepale akalia.

Furaha hiyo haikufika mbali. Mifuko minne inatosha nusu eka moja tu. Udongo wa Subilaga nao ulikuwa umebaki wa kupaka mbegu za shamba moja.

"Tulime shamba moja wote," Tupokigwe alijaribu.

"Midomo kumi na mitatu kwa nusu eka?" Ambakisye alicheka bila furaha. "Tutakufa tumepangana vizuri. Chokaa ni yangu. Bila hiyo, vidudu vya dada vingekufa kama vya kwanza."

Subilaga akainua uso. "Na bila hivyo vidudu, mdogo wangu, chokaa yako ni ya kupaka ukuta. Na ukuta wenyewe hauna paa."

"Na bila mimi," Tupokigwe alisema taratibu, "leo mngekuwa mnaongeza chumvichumvi."

Wote walikuwa wamesema kweli. Watakaokosa itawabidi wateremke bondeni wakafanye vibarua kwenye mashamba ya mpunga, mwendo wa siku tatu. Tupokigwe alijua mtoto wake hataimaliza safari hiyo. Ambakisye alimfikiria mkewe. Subilaga aliyatazama magoti yake yaliyovimba.

Wala hapakuwa na kesho ya kuamulia. Mvua ya kupandia ilikuwa imenyesha usiku, na mama yao alikwishazipaka mbegu zote tope tangu alfajiri. Mbegu zikishapakwa hupandwa siku hiyohiyo. Tope likikauka, vidudu vinakufa, na udongo mwingine wa kupakia hakuna.

Haya, wewe uliyekaa ukasikiliza hadi hapa: chokaa na mbegu vimwendee nani? Aliyeuliza, aliyetoa, au aliyetunza? Usiniambie wagawane. Usiniambie wasubiri. Wewe ungeamua vipi? Jibu kama unamjibu mama yao, aliyesimama mlangoni na beseni la mbegu kichwani, jua likimpiga mgongoni, akawatazama wanawe mmoja mmoja na kusema:

"Zimeanza kukauka. Niende shamba la nani?"